MAHINDI YETU: MBEGU, MARADHI NA MAVUNO

Ni furaha kubwa kwangu kupata nafasi katika kurasa za jarida la Chama chetu cha Kiswahili mwaka huu. Wenzangu wengi wameandika mashairi na hadithi tamu. Mimi nimechagua jambo ambalo sote tunalila kila siku na ni wachache wanaolifikiria. Jambo lenyewe ni mahindi.

"Ati mahindi? Sasa kuna nini cha kueleza kwa mahindi?" rafiki yangu mmoja aliniuliza huku akicheka, na mkononi alikuwa na sahani ya githeri! Nilimwambia asubiri asome. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza kwamba ukiona mahindi yamejaa ghalani, basi jua kuna watu waliyaunda.

UBISHI WA NYUMBANI

Makala haya yalizaliwa kutokana na ubishi nyumbani kwetu hapa Bomet. Mwaka jana, mvua ya Machi ilipokaribia, pesa zilikuwa haba. Mimi nilikuwa nadaiwa karo na mdogo wangu alihitaji sare. Baba akaingia ghalani, akachagua mahindi makubwa makubwa, yale yenye punje zilizopangana vizuri kama meno. Mahindi hayo yalitokana na mbegu tuliyokuwa tumenunua dukani msimu uliotangulia. Akasema, "Mbegu ni mbegu. Haya ni watoto wa yale yale." Basi nusu ya shamba tukapanda mbegu mpya kidogo tuliyoweza kununua, na nusu ya pili tukapanda zile za ghalani. Tulipanda siku moja, kwa mbolea moja na mvua moja.

Sisi tunaosoma shule ya kutwa huyapita mashamba asubuhi na jioni, kwa hivyo niliyaona mahindi hayo yakikua. Upande wa mbegu mpya mimea ilisimama sawa kama wanafunzi kwenye gwaride. Upande wa pili, wacha! Huyu mrefu, yule mfupi. Huyu ana hindi kubwa, jirani yake ana kijihindi kama kidole, na mwingine hana kitu kabisa. Wakati wa kuvuna, magunia ya upande wa pili yalikuwa machache mno. Baba alisema udongo umechoka. Lakini udongo si ulikuwa ule ule?

Nilimpelekea mwalimu wetu wa Kilimo swali hilo. Alinieleza, kisha akanituma maktabani, na niliyoyapata ndiyo haya ninayowaletea.

MAHINDI YALITOKA WAPI?

Mahindi si mmea wa asili wa Afrika. Yalianzia Meksiko, yapata miaka 9,000 iliyopita. Wakulima wa huko walianza na nyasi fulani ya mwituni iitwayo teosinte, ambayo suke lake lina punje chache tu, ndogo na ngumu kama mawe. Kila msimu walichagua mmea uliokuwa na punje nyingi na laini zaidi, wakapanda hizo. Watoto wao wakafanya vivyo hivyo, na wajukuu pia. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya vizazi vingi nyasi ile ikawa hindi tunalolijua. Wareno waliyaleta mahindi katika pwani za Afrika katika karne ya 16.

Kwa hivyo kuchagua mbegu ni kazi ya kale sana, na baba hakukosea kuchagua. Tatizo lilikuwa kwamba alichagua akiangalia hindi peke yake, na wala hakujua lile hindi lilikuwa na wazazi gani.

NDOA YA MAHINDI

Mmea wa mhindi una ua la kiume na ua la kike katika shina moja. La kiume liko juu kileleni na huitwa mbelewele. Hilo hutoa vumbi la manjano liitwalo chavua. La kike ni lile hindi changa lililo kiunoni, na ndevu zake ndizo hupokea chavua. Jambo la ajabu ni kwamba kila unywele mmoja wa ndevu umeshikana na punje moja. Unywele ukikosa chavua, punje yake haikui, na ndiyo maana wakati mwingine unavua maganda na kukuta hindi lenye mapengo.

Chavua husafirishwa na upepo. Hivyo punje za hindi moja zina mama mmoja lakini huenda zina baba wengi: mmoja wa shamba lako, mwingine wa shamba la jirani. Ukichagua hindi kubwa ghalani unamjua mama tu, tena kwa sura!

Wataalamu wa mbegu huingilia kati ndoa hii. Huifunika mbelewele kwa mfuko wa karatasi na ndevu nazo kwa mfuko mwingine, kisha huchukua chavua ya mmea na kuimwagia ndevu za mmea huo huo. Wakirudia hivyo vizazi sita au saba, hupata ukoo safi ambao mimea yake yote inafanana kama mapacha. Lakini mimea hiyo huwa dhaifu na yenye mahindi madogo. Mtu asiyejua angeitupa.

Maajabu huja pale koo mbili safi, zisizo na udugu, zinapooanishwa. Watoto wao hutoka warefu, wenye nguvu, na mahindi yao huyashinda ya wazazi wote wawili kwa mbali. Jambo hili lilielezwa na Mmarekani George Shull mwaka wa 1908. Mbegu hii ndiyo tunayoiita chotara, nayo ndiyo inayouzwa madukani.

Sasa tuurudie ubishi wetu. Shamba la mbegu chotara lina mimea iliyo sawa kwa sababu mimea yote ina urithi mmoja: nusu wa mama na nusu wa baba. Lakini mimea hiyo ikioana yenyewe kwa yenyewe, urithi huchanganywa upya kama karata. Punje moja hupata mazuri mengi, nyingine hupata mabaya mengi, na sehemu kubwa ya ile nguvu ya uchotara hupotea. Kwa hiyo "watoto wa yale yale" hawafanani na wazazi wao. Kumbe udongo wetu ulisingiziwa bure!

Ni haki niseme pia kwamba si kila mbegu ni chotara. Kuna mbegu kama Katumani, iliyotengenezwa kwa ajili ya maeneo makavu ya Ukambani, ambayo huiva mapema kabla mvua haijakatika. Hiyo mkulima anaweza kujiwekea mwenyewe kwa misimu kadhaa, mradi achague kutoka kwa mimea mingi yenye afya, iliyo katikati ya shamba mbali na chavua ya jirani, na achague mimea ikiwa bado imesimama. Ghalani hindi haliwezi kukuambia kama mama yake alikuwa mgonjwa.

KITALE NA EKUADOR

Nchi yetu ina historia ya kujivunia katika jambo hili. Mwaka wa 1955 kazi ya kutengeneza mbegu za mahindi ilianza Kitale chini ya mtafiti Michael Harrison. Kwanza alikusanya mahindi ya wakulima wa nyanda za juu na kuyachagua mpaka akapata aina iliyoitwa Kitale Synthetic II. Ilikuwa nzuri, lakini mahindi yote ya nyanda hizo yalikuwa kama ndugu wa ukoo mmoja. Nguvu ya uchotara haitoki kwa ndugu.

Basi akatafuta wachumba mbali, huko Amerika ya Kusini na ya Kati ambako mahindi yana aina nyingi. Miongoni mwa mbegu zilizoletwa ilikuwamo moja kutoka milima ya Ekuador, iliyopewa jina la Ecuador 573. Ekuador iko juu ya mstari wa Ikweta kama Kenya, na milima yake ina baridi kama yetu. Zilipooanishwa na Kitale Synthetic II, watoto wakatoa mavuno yaliyozidi ya Kitale Synthetic II kwa asilimia 40 hivi. Mbegu hiyo ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 1964 kwa jina la H611, na wakulima wa magharibi mwa Kenya, wakubwa kwa wadogo, waliipokea kwa kasi ya ajabu.

MAVUNO PEKE YAKE HAYATOSHI

Msomaji anaweza kudhani hadithi imeisha: oanisha koo za mbali, upate magunia mengi, basi. La hasha! Adui yuko macho. Mahindi huandamwa na maradhi mengi. Kuna kutu ya majani, kuna bakajani ambayo huyaunguza majani kama yamepitiwa na moto, kuna ugonjwa wa milia ambao huenezwa na vipanzi wadogo sana, na kuna kuvu inayoozesha mahindi yakiwa bado shambani.

Wamarekani walijifunza kwa uchungu mwaka wa 1970. Ili kutengeneza mbegu chotara ni lazima mbelewele za mmea wa mama zikatwe, ili asijichavushe. Hiyo ni kazi ya mikono mingi. Wataalamu wakagundua ukoo ambao mbelewele zake hazitoi chavua yoyote, na makampuni yakaukimbilia, maana gharama ilipungua. Ikafika mahali ambapo sehemu kubwa sana ya mahindi ya nchi nzima ilikuwa na urithi wa mama huyo mmoja. Kisha ikazuka aina mpya ya kuvu iliyopenda urithi huo hasa. Katika msimu mmoja Marekani ilipoteza yapata asilimia 15 ya mahindi yake yote. Mbegu zilikuwa za mavuno makubwa, lakini zote zilikuwa na udhaifu mmoja, na adui akaingia kwa mlango huo.

MWAKA AMBAO MAHINDI YALIKAUKA

Sasa nawarudisha nyumbani. Mwezi wa Septemba 2011, wakulima wa Longisa, hapa hapa Bomet, waliona jambo wasilolijua. Mahindi yalianza kuwa na mabaka ya manjano kwenye majani machanga. Kisha kingo za majani zikakauka kuelekea katikati. Mingine ilikauka moyo, yaani lile jani la katikati lilikufa kabla mmea haujazaa. Mingine ilisimama ya kijani lakini maganda ya hindi yakakauka kabla ya wakati, na ndani hakukuwa na punje, au kulikuwa na punje chache zilizosinyaa.

Wakati huo mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, lakini nyanya yangu anakumbuka vizuri. Anasema mwaka wa 2012 aliingia shambani na kikapu akatoka na kikapu hicho hicho kikiwa kitupu. Watu walidhani ni mbolea mbaya, wengine wakasema ni ukame, wengine wakanong'ona juu ya uchawi. Walinyunyiza dawa, lakini wapi!

Watafiti walipochunguza waligundua ugonjwa unaofupishwa MLN, ambao wenzetu wa Tanzania huuita batobato kali. Husababishwa na virusi vya aina mbili vikikutana ndani ya mmea mmoja. Aina ya kwanza ni virusi vya batobato ya miwa, ambavyo vilikuwako Kenya tangu zamani na huenezwa na vidukari. Aina ya pili ni virusi vya mabaka ya manjano vinavyoitwa kwa kifupi MCMV, ambavyo huenezwa na vithripi na mbawakawa. Hivi vya pili ndivyo vilikuwa wageni. Kila kimoja kikiwa peke yake humsumbua mmea. Vikiungana, humuua.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mpya duniani. MCMV iliwahi kuonekana Peru mapema katika miaka ya 1970, na ugonjwa kamili ukaonekana katika jimbo la Kansas, Marekani, mwaka wa 1976. Lakini huku kwetu mbegu karibu zote zilizokuwa sokoni hazikuwa na kinga. Hazikuwahi kukutana naye, na hakuna aliyewahi kuzipima. Kutoka Bomet ulienea hadi Narok, Naivasha na kwingineko. Mwaka wa 2012 ulikuwa Tanzania na Uganda, mwaka wa 2013 ukafika Rwanda, na mwaka wa 2014 ukaonekana Ethiopia. Watafiti walikadiria kwamba mwaka wa 2013 Kenya ilipoteza karibu tani nusu milioni za mahindi. Piga hesabu: hayo ni zaidi ya magunia milioni 5 ya kilo 90!

Kwa nini ugonjwa ulishika Bomet kwa nguvu hivyo? Sababu moja ni neema yetu wenyewe. Hapa kwetu mvua haikatiki kwa muda mrefu, kwa hivyo tulikuwa tunapanda mahindi msimu baada ya msimu. Shamba hili likivunwa, lile jirani ni la kijani. Virusi havikukosa chakula wala wadudu hawakukosa makao hata mwezi mmoja. Tuliwalisha maadui zetu bila kujua.

SHULE YA MAHINDI HUKO NAIVASHA

Hapa ndipo kazi ya wataalamu inapopendeza. Mwaka wa 2013, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, ambacho makao yake makuu yako Meksiko, kikishirikiana na taasisi yetu ya utafiti wa kilimo (wakati huo KARI, sasa KALRO), kilifungua mahali maalumu pa kupimia mahindi huko Naivasha. Naweza kupaita mahali pa mtihani. Mtihani wenyewe ni mgumu kuliko ule wa taifa!

Virusi vya aina mbili hukuzwa mbalimbali, kisha hukamuliwa na kuchanganywa. Mahindi yakiwa machanga hunyunyiziwa mchanganyiko huo kwa makusudi, na baada ya siku chache hunyunyiziwa tena ili pasiwe na mmea unaoponea bahati. Kisha watafiti hupita na madaftari wakitoa alama kuanzia 1 hadi 9. Alama 1 ni mmea safi, na 9 ni mmea uliokufa. Mitihani ya mwanzo ilisikitisha, maana mbegu karibu zote zilianguka.

Waliofaulu walikuwa wachache, na baadhi walikuwa wageni. Ukoo mmoja mashuhuri uliokinza virusi, KS23-6, asili yake ni Thailand. Watafiti waligundua kwamba sehemu muhimu ya kinga yake iko katika kromosomu ya 6. Lakini mmea wa Thailand hauwezi kupandwa Bomet hivi hivi ukatoa magunia. Haujazoea baridi yetu, udongo wetu wala maradhi yetu mengine. Una kinga lakini hauna mavuno, nao ukoo wa kwetu una mavuno lakini hauna kinga.

Dawa yake ni ndoa tena, lakini safari hii ndoa ya hesabu. Ukoo wa kwetu huoanishwa na ule wenye kinga. Watoto huoanishwa tena na ukoo wa kwetu, kisha wajukuu vivyo hivyo. Kila kizazi hupimwa alama za urithi, ili wachaguliwe wale tu waliobeba kile kipande cha kinga. Baada ya vizazi kadhaa unabaki na mmea ambao karibu kila kitu chake ni cha kwetu, isipokuwa ule mlango uliokuwa wazi sasa umefungwa.

Zamani kupata ukoo safi kulichukua miaka mitatu au minne. Mwaka huo wa 2013 kilifunguliwa kituo kingine huko Kiboko, katika barabara ya Mombasa, ambacho hutumia njia ya mkato ya kupata ukoo safi kwa misimu miwili tu. Ndiyo maana baada ya miaka michache mbegu za kwanza zenye uwezo wa kustahimili ugonjwa zilianza kutolewa, kwa mfano H12ML na H13ML hapa Kenya.

Tafadhali msomaji, liangalie vizuri neno "kustahimili". Si sawa na kutougua. Mmea unaostahimili unaweza kuingiwa na virusi ukaonyesha mabaka kidogo, lakini bado ukazaa. Ukiwekwa katika shamba lililojaa wadudu na mahindi yaliyooza ya msimu uliopita, nao una mwisho wa nguvu zake. Hapo ndipo kazi ya mtafiti inapoishia, na kazi ya mkulima kuanza.

NUSU YA PILI NI SHAMBANI

Virusi havina dawa. Hata ukinyunyiza dawa ya maelfu ya shilingi, utaua wadudu tu, wala mmea mgonjwa hautapona. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga yenyewe ni kama ifuatavyo:

1. Usipande mahindi juu ya mahindi. Badilisha na maharagwe, viazi, vitunguu au mboga, kwani virusi hivi haviishi katika mimea hiyo. Ni bora zaidi majirani wote wakikubaliana kuacha mahindi kwa msimu mmoja, maana mdudu hajui mpaka wa shamba.

2. Panda mapema, mvua kubwa inapoanza, na mpande kwa pamoja. Anayechelewa hupokea wadudu wote waliozaliana katika mashamba ya waliotangulia.

3. Nunua mbegu iliyothibitishwa. Pakiti halali ina kibandiko cha KEPHIS chenye nambari ya kukwangua, ambayo waweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwa 1393 ukajibiwa kama mbegu ni ya kweli. Mbegu za mmea mgonjwa huweza kubeba virusi. Ni chache sana kati ya maelfu, lakini moto mkubwa huanzishwa na cheche moja.

4. Panda kwa nafasi. Sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo, punje moja kila shimo, hukupa mimea zaidi kidogo ya 21,000 kwa ekari. Mimea ikibanana hunyang'anyana chakula na kukaa na unyevu ambao kuvu huupenda.

5. Palilia mapema. Magugu ya jamii ya nyasi ni nyumba ya kulala wageni ya vidukari na vithripi. Aidha, mmea uliolishwa vizuri kwa samadi na mbolea huwa na nguvu ya kushindana, ingawa mbolea haiponyi virusi.

6. Tembelea shamba kila wiki. Ukiona mmea wenye mabaka ya manjano, ung'oe mara moja uuchome. Najua inauma kung'oa mmea uliotoa jasho kuupanda, lakini huo mmoja ukibaki utaambukiza mia.

7. Ukitoka katika shamba lenye ugonjwa, safisha jembe na viatu kabla ya kuingia katika shamba jingine. Mahindi yaliyooza usimpe mtu wala mnyama.

Ugonjwa huu leo hautishi kama ulivyotisha mwaka wa 2012, lakini haujahama. Tukisahau masomo haya utatukumbusha.

HITIMISHO

Nilipomaliza kusoma haya yote nilimweleza baba jioni moja, kwa adabu, maana mtoto hamfundishi mzazi wake hivi hivi. Nilimwambia, "Baba, mbegu ya ghalani haikuwa mbaya kwa sababu ulichagua vibaya. Iliharibika kwa sababu ndoa yake ilivunjika." Nyanya alicheka mpaka akakohoa. Baba alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na pesa je?"

Ni swali la haki, na sitalikwepa. Mbegu nzuri ni ghali kwa mtu mwenye ekari moja na watoto shuleni. Lakini tulipiga hesabu pamoja kwa kalamu. Tofauti ya magunia kati ya nusu mbili za shamba letu ilikuwa na thamani kubwa kuliko bei ya mbegu tuliyodhani tumeiokoa. Mwaka huu tuliuza kondoo mmoja tukanunua mbegu yenye kinga, tukapanda nusu ya shamba, na nusu ya pili tukatia maharagwe. Mwakani tutabadilishana. Baba alisema tu, "Tutaona." Ninapoandika haya mahindi yamefika kifuani, yamesimama sawa, na kila Jumamosi mimi hupita kati ya mistari nikitafuta mabaka ya manjano.

Wenzangu, wengi wetu tutakuwa walimu, madaktari na mahakimu, lakini sote tutakula ugali. Na huenda kati yetu yuko mmoja atakayevaa koti jeupe kule Kitale au Naivasha, afunike mbelewele kwa karatasi, atutafutie kinga ya ugonjwa ambao bado haujafika. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli. Lakini mchagua mbegu, akaitunza na shambani, huyo ni mkulima kamili.

Mola atujalie mvua na mavuno mema.